Msiba wa Mtu Aliye Hai

Ndinda alikuwa anakanda unga wa chapati wanawake wa chama walipoingia kibandani kwake, mmoja nyuma ya mwenzake, leso zimefungwa viunoni, Gladys akiwa mbele na furushi la sukari na unga kichwani. Hawakuagiza chai. Walimzunguka, wakamtoa mikono kwenye beseni, wakamkalisha.

"Pole sana, Mama Kasiva," Gladys alisema. "Mama zetu ndio hao, wanatangulia."

"Pole ya nini?"

Gladys alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa kwa majonzi. "Baba Kasiva ametwambia yote. Ametwambia ni presha, na kwamba ni wewe uliyepokea simu ya msiba. Usijikaze, mama. Lia."

Mama yake Ndinda alikuwa Kibwezi. Jana yake tu walizungumza, na yule mama alitukana mbuzi wa jirani waliomaliza kunde zake, akawatukana kwa nguvu ambazo maiti hana. Kwa hiyo Ndinda alielewa mara moja. Hakuhitaji kuelezwa. Mwanamke aliyekaa na mcheza kamari hunusa uongo kama wengine wanavyonusa maziwa yaliyochacha.

Mwanamke mwingine angesimama hapo hapo akasema, mama yangu yuko hai, mkamateni huyo mwongo. Ndinda alifunika uso kwa leso akalia. Alilia kweli, machozi ya chumvi, na wale wanawake wakalia naye, na mafundi waliokuwa wakinywa chai wakavua kofia. Ndivyo alivyomzika mama yake mzima, kwa sababu ya kumfichia mume aibu.

Sasa ili mtu aelewe ubaya wa jambo hili, ajue kwanza chama chenyewe. Malindi ina watu wengi waliotoka bara: madereva, walinzi, wapishi wa hoteli, wauza mboga. Wanaishi hapa miaka, wanazaa hapa, wanaongea Kiswahili cha hapa, lakini hofu yao ni moja, kufa huku na kuzikwa mbali na kwao. Ndiyo maana wana chama cha kuzikana. Akifa mwanachama au mzazi wake, wote huchanga, na wajumbe husafiri mpaka kwao marehemu kumwaga udongo. Mtu aliyefutwa katika chama hicho ni kama ameshakufa na hana wa kumbeba. Mkeo anaweza kukuacha na ukaishi. Chama kikikuacha, utaishi vipi mahali ambapo si kwenu?

Kyalo, mume wa Ndinda, alijua hayo yote, na bado alikwenda kwa Mzee Njenga, mwenyekiti, akainamisha kichwa na kusema mama mkwe amefariki. Mchango ulipotumwa kwenye simu yake haukukaa hata saa moja. Alianza zamani na mechi za mpira, anapanga timu zake, mpango anaouita mkeka, na kila wiki mkeka unachanika kwa goli moja la mtu asiyemjua wala kumjali. Halafu akaingia kwenye ule mchezo wa simu wa kindege kinachopaa, nawe unangoja kipae zaidi, na kikitoweka kimetoweka na chako. Cherehani ya Ndinda ilipaa na kindege hicho. Mabati ya nyumba waliyokuwa wajenge Magarini yalipaa. Karo ya Kasiva, binti yao, ilipaa, na msichana akatoka chuoni akaenda kutandika vitanda vya wageni Watamu. Na mwanamume akila vya nyumba, dunia haimuulizi yeye. Humuuliza mke: wewe ulikuwa wapi?

Ndinda alikuwa pale pale, akifunika. Cherehani aliwaambia watu imepelekwa kwa fundi. Mabati alisema yameagizwa Mombasa. Alisema uongo wa mume wake mpaka ukamkaa mdomoni kama ndio lugha ya kwao.

Lakini chama kina desturi yake. Jumamosi Mzee Njenga na Gladys walipanda basi na shada la maua, wakafika Kibwezi wamevaa nguo nyeusi, wakauliza njia ya boma la msiba. Watu wakashangaa, msiba upi? Wakaonyeshwa boma. Wakamkuta marehemu anapepeta mahindi.

"Karibuni," marehemu alisema. "Hayo maua ni ya nani?"

Gladys alisimulia baadaye kwamba Mzee Njenga alikosa pa kuliweka lile shada, akalishika mkononi wakati wote wa kunywa chai. Chai ilikuwa nzuri, na marehemu aliwachinjia kuku.

Waliporudi Malindi, habari iliwatangulia. Na hapa ndipo Ndinda alipojua kwamba uliyemfichia siri hana shukrani ya kukuficha wewe. Dedan, kaka mkubwa wa Kyalo, alikwenda kwa mwenyekiti akaeleza kwamba ndugu yake alidanganywa, aliyeleta habari ya kifo ni mkewe. Na nani angekataa? Wanawake wote waliona alivyolia. Chama kikamsimamisha Ndinda mpaka mkutano mkuu baada ya Pasaka, ambapo angefutwa jina. Kyalo aliachwa, kwa kuwa yeye, masikini, alidanganywa.

"Nyamaza tu, shemeji," Dedan alimwambia. "Funika kombe mwanaharamu apite. Wewe ni mwanamke, utasamehewa upesi. Ndugu yangu akitajwa, hata kazi yake ya udereva ataikosa."

"Na mimi nikifa?"

"Hufi leo."

"Mama yangu naye hakufa, na mmeshamla."

Dedan aliondoka bila kumaliza chai. Hakulipa pia.

Wateja wa Ndinda walipungua. Wapo waliokula huku wanachekeana, wakiulizana kwa sauti kama chapati ni za matanga. Aliyeendelea kuja kila siku bila kejeli ni Mahadhi, fundi wa pikipiki, mtu wa Mambrui, mpole, mwenye mikono isiyotakata oili. Siku moja alingoja wengine waondoke.

"Bi Ndinda, nisamehe nikiingia nisipohusika. Mumeo anabeti?"

Ndinda alianza kujibu uongo, akachoka katikati. "Anabeti."

"Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nyuma ya ile zahanati kuna chumba, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri. Mkubwa wetu ni Bi Mwanasiti, alikuwa muuguzi zamani. Si wachezaji peke yao, na watu wa nyumbani huja. Njoo."

"Hatakubali kuja."

"Sikusema yeye. Nimesema wewe."

Alikwenda kwa hasira, akitaka kuambiwa dawa ya kumwekea mume kwenye chakula. Alikuta viti vya plastiki vimepangwa duara, na mama mnene wa watu wa visiwani, buibui limeteremka mabegani, anamenya chungwa.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako yu wapi?"

"Amekataa."

"Basi leo tunaye wewe. Kaa."

Akakaa, akasimulia. Kilikuwa kitu kigeni kwake kusimulia bila kurekebisha. Alipofika kwenye shada la maua watu walicheka, naye, kwa mara ya kwanza tangu mambo yatokee, akacheka pia. Bi Mwanasiti hakucheka. Alimaliza kipande chake cha chungwa.

"Hebu nieleze hapa. Walipokujia kibandani, mama yako yu hai nawe wajua yu hai. Ulilia kwa nini?"

"Kwa aibu."

"Ya nani?"



"Mimi sibeti, Bi," Ndinda alisema.

"Hubeti. Lakini yeye hucheza akijua nyuma yake kuna mtu wa kufagia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyinyi chenu hata hakikuwa kifo cha kweli."

Mahadhi alisema pale kwamba mama yake aliuza bangili zake za dhahabu kumlipia madeni, moja baada ya nyingine. "Kila aliponilipia sikuona nimesamehewa," alisema. "Niliona nimeongezewa. Siku mkono wake ulipobaki mtupu ndipo nilipoogopa."

Ndinda alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani alifanya uamuzi wake. Hakutaka kumfukuza Kyalo. Wanaume wa kufukuzwa ni wengi, na wakifukuzwa hupokewa kwingine wakaharibu kwingine. Alitaka jambo moja: asimame mbele ya chama, kwa miguu yake, aseme ni yeye aliyemuua mama mkwe kwa ulimi wake, na mke wake hakupokea simu yoyote. Mpaka hapo, hakuna uongo mwingine utakaopikwa katika nyumba ile.

Alianza siku ile ile. Mwenye pikapu aliyoiendesha Kyalo alipopiga simu kuuliza kwa nini maembe ya Marafa hayajafika sokoni, Ndinda hakusema Kyalo ana homa. Alisema, "Yuko hapa anacheza na simu," akampa simu aongee mwenyewe. Ikawa hivyo kwa mwenye nyumba, ikawa hivyo kwa mchungaji. Mwenye pikapu alichukua funguo zake. Kyalo alihamia kwa Dedan, na Dedan, aliyekuwa bingwa wa kufunika makombe, alimlisha mpaka kombe lake mwenyewe lilipokuwa tupu. Simu ya mke wa Dedan ilipopotea nyumbani, ndugu wawili waligombana hadharani, na Kyalo akarudi kwa mkewe na mfuko wa nguo.

Jumapili hiyo Kasiva alikuja kutoka Watamu. Alimkuta baba yake ameketi kizingitini. Hakumwamkia.

"Baba, nyanya umeshamuua. Sasa anayefuata ni nani, mimi?"

Kyalo alicheka, akidhani ni mzaha. Msichana hakucheka. Aliendelea kumtazama, akingoja jibu, kama mtu aliyeuliza nauli. Jumamosi iliyofuata Kyalo alivaa shati safi, akawafuata mkewe na bintiye zahanati, akitembea nyuma yao.

Bi Mwanasiti alikuwa na utaratibu wake. Watu wa nyumbani husema kwanza. Mchezaji huweka mikono magotini na anaruhusiwa neno moja tu: nimesikia. Haruhusiwi kueleza, kuapa, wala kuahidi. "Ahadi zote tumeshazila hapa," alisema, "tumevimbiwa."

Kasiva alisema juu ya mashuka ya wageni, na jinsi anavyotandika akihesabu wenzake waliobaki chuoni wamefika mwaka gani.

"Lakini mwanangu, wakati ule mimi..." Kyalo alianza.

"Mikono magotini," Bi Mwanasiti alisema.

"Nimesikia."

Ndinda alisema juu ya cherehani. Alisema juu ya wateja na chapati za matanga. Alisema, "Nilimlilia mama yangu mzima kwa ajili yako, halafu ukanitupia maiti." Hakupaza sauti. Miaka yote alipopaza sauti nyumbani, Kyalo alikuwa na majibu. Hapa hakuwa na jibu ila lile moja, na kila alipolisema lilizidi kuwa zito, mpaka la mwisho halikutoka. Akaitikia kwa kichwa tu. Bi Mwanasiti alilikubali.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Simu yake kubwa aliibadilisha kwa simu ndogo, mulika mwizi, isiyo na mchezo wowote. Mwenye pikapu alimrudishia kazi kwa sharti malipo yaende kwenye simu ya Kasiva. Si kwamba alipona kama mtu anavyopona malaria. Jumamosi moja aliinuka kabla ya kuulizwa, akasema, "Juzi nimecheza. Niliazima simu ya utingo nikacheza." Mahadhi ndiye aliyemjibu.

"Lakini umekuja. Mimi nikicheza nilikuwa nikikimbia mwezi mzima."

Ndinda alikaa akimtazama mumewe kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Hakujua habari ya utingo. Kwa ndoa yao yote alikuwa akizijua habari zake kwa majirani, kwa wadai, kwa kabati lililo wazi. Hii aliisikia kutoka mdomo wake. Alikasirika, ndiyo, lakini njiani alimnunulia muhogo wa kukaanga.

Pasaka ikapita, mkutano mkuu ukakaribia. Kyalo alikubali kusema ukweli, ila alitaka auseme Dedan kwa niaba yake. Wala hilo halikuwa hila. Kwa Wakamba mkwe haguswi kwa mzaha. Wana neno lao, nthoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake: humtaji jina, huketi naye karibu, akija njiani humpisha, na jambo zito juu yake husemwa kupitia mtu mwingine. Dedan alilishika hilo kwa mikono miwili.

"Ni mila, Bi Mwanasiti," Kyalo alimwambia kwenye duara. "Mambo ya mkwe husemwa na kaka."

"Kwetu pia mkwe ana heshima yake," yule mama alijibu. "Niulize tu, baba. Ulipomuua, ulitumia mdomo wa nani?"



Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa, kwa maana watu walikuja kumwona Ndinda akifutwa. Alikaa peke yake kwenye benchi la nyuma, na wanawake wengi waliolia naye kibandani waliketi mbele bila kugeuka. Mzee Njenga alisoma ajenda, akafika kwenye jambo la uongo wa msiba. Dedan akasimama, akakohoa.

Kyalo alimshika kaka yake mkono, akamketisha. Akaenda mbele. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo mlango ulipofunguliwa, na mama yake Ndinda akaingia akiwa na Gladys, ambaye alimlaza kwake usiku wa kuamkia siku ile, maana kuku wa Kibwezi haliwi bure. Ni Ndinda aliyemwita. Hakumwambia mtu, wala Gladys hakumwambia mtu, jambo ambalo kwa Gladys lilikuwa muujiza.

Ukumbi ukavuma. Mzee Njenga akavua miwani. Kyalo alipomwona, miguu yake ilifanya ilichofundishwa utotoni: ilirudi nyuma, kuelekea mlango wa pembeni, kumpisha mkwe. Ndinda alisimama. Kama Kyalo angetoka pale, jina la Ndinda chamani lingetoka naye.

Yule mama aliona. Alisimama kidogo akiegemea fimbo, kisha akavuta kiti, akakigeuza kikaelekea ukutani, akaketi na kuupa mkutano mgongo. Akajifunika leso kichwani.

"Sasa mimi sipo," alisema. "Aongee."

Kyalo akarudi mbele.

"Mama mkwe wangu hakufa," alisema. Sauti ilikuwa chini, watu wakainama kusikiliza. "Nilisema mimi amekufa. Mke wangu hakupokea simu. Hakujua lolote mpaka mlipomfikia kibandani. Mchango wenu niliucheza kwenye simu, wote, siku ile ile. Na kaka aliponisafisha kwa kumchafua mke wangu, nilikaa kimya. Mimi ni mgonjwa wa kamari. Ninatibiwa. Sijapona."

Kisha sauti ikatoka kule ukutani, bila uso.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Presha, mwaitu," Kyalo alisema, akiwa ameinamisha kichwa, kwa neno ambalo Mkamba humwitia mama.

"Sina presha. Daktari alinipima." Mama akagonga fimbo sakafuni. "Mngesema nyoka, ningewaelewa. Kwetu kuna nyoka."

Aliyeanza kucheka ni Mzee Njenga, na akishaanza mwenyekiti nani atajizuia? Ukumbi mzima ulicheka, wengine wakifuta machozi, na katikati ya kicheko kile Gladys alitembea mpaka benchi la nyuma, akamshika Ndinda mkono, akamleta mbele.

"Mimi nilisema huyu ndiye mwongo," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilisema sokoni, nitayafuta sokoni. Leo nayafutia hapa kwanza."

Wanawake wengine wakaja. Ndinda hakuwakumbatia upesi. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, akachukua muda wake, na kila aliyeangalia chini alimngoja ainue macho. Hilo alilistahili, na hakuna aliyemharakisha.

Chama kilikaa kikaamua. Kyalo hakufutwa. Kuanzia siku hiyo angeendesha gari la maiti kila msiba utakapotokea, bila malipo, mpaka bara na kurudi, mpaka chama kitakaporidhika. Wengine walisema adhabu ni nyepesi. Bi Mwanasiti, alipoelezwa, alisema ni nzuri kuliko dawa zake, kwa sababu mtu anayebeba jeneza kwa mikono yake hasahau tena kifo ni kitu gani.

Halafu Mzee Njenga alimuuliza Ndinda kama ana la kusema.

"Ninalo," alisema. "Mlinisimamisha bila kuniuliza. Mlimwamini mwanamume kwa kuwa aliinamisha kichwa. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu Kibwezi. Mngepiga, mama mwenyewe angepokea."

Mzee Njenga alikuna kidevu, akawatazama wanakamati wake, nao wakatazama meza. "Basi kazi hiyo ya kupiga simu tukupe wewe," alisema.

Na wakampa, kwa mikono iliyoinuliwa ukumbi mzima, Dedan naye akainua wake. Sasa ukipita kibandani kwa Ndinda utamkuta anakanda unga, simu imebanwa begani, anaongea na boma la mbali huko Ukambani au Nyanza, anauliza kwa upole marehemu aliumwa nini na nani yuko hapo karibu naye athibitishe. Watu wazima humjia na kofia mkononi wakingoja amalize. Miongoni mwa watu wa bara walioko Malindi, siku hizi hakuna anayekufa mpaka Ndinda aseme amekufa.